Soma Chipu Kabla ya Sanduku

Anayenunua kompyuta katikati ya jiji la Nairobi huuliza mambo matatu: RAM ni ngapi, diski ni kubwa kiasi gani, na bei ya mwisho ni ipi. Ni maswali ya haki, na mwenye duka huwa na majibu yake tayari. Kwetu sisi tunaotumia Linux kuna swali la nne, na hilo ndilo linalostahili kutangulia: ubao mama huu una chipu gani, na draiva zake, yaani programu za kuziendesha chipu hizo, zimo ndani ya kerneli, kiini cha Linux, au hazimo? Nilipoamua kuijenga upya kompyuta ya nyumbani kwetu Kangemi, swali hilo lilinipitisha maduka mengi ya mjini, likanikutanisha na mafundi wenye ujuzi na subira, na mwishowe likanipa mashine inayotumiwa na nyumba nzima kila siku. Nayaandika niliyojifunza kwa sababu naamini yatamfaa mtu mwenye pesa za kununua mara moja tu.

Ubao mama ndio ule ubao mpana ndani ya kasha ambako prosesa hukaa kwenye soketi yake, RAM huchomekwa kwenye nafasi zake, na waya zote za umeme na data hukutana. Sanduku lake dukani hutangaza soketi, chipseti (chipu kuu ya ubao) na taa za rangi. Halitangazi kwa herufi kubwa zile chipu ndogo zinazouzwa pamoja na ubao: ya sauti, ya kebo ya mtandao, ya waifai, ya kupima joto na kuongoza feni. Mtumiaji wa Windows hapati shida nyingi hapo, maana mtengenezaji wa ubao humwandalia draiva za chipu hizo zote. Mtumiaji wa Linux mara nyingi haandaliwi chochote. Draiva zake hutoka kwa watu wengine kabisa: kampuni za chipu zenyewe, pamoja na waandishi wa programu walioko kila pembe ya dunia, ambao huziweka ndani ya kerneli.

Utaratibu huo una faida ambayo mnunuzi wa Afrika Mashariki anapaswa kuitilia maanani. Linus Torvalds alipoutangaza mradi wake Agosti 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, kerneli yake ilikuwa ya prosesa ya Intel 386, naye hakuahidi makubwa zaidi ya hapo. Prosesa hiyo ilikuwa imetoka mwaka 1985. Watunzaji wa kerneli waliamua kuiondoa mwishoni mwa 2012, zaidi ya miaka ishirini baada ya tangazo lile. Maana yake ni kwamba draiva ikishaingia kwenye kerneli hutunzwa pamoja na kerneli, hata kama kampuni iliyotengeneza chipu imeshaisahau. Katika nchi ambako kompyuta moja hupita mikononi mwa watu watatu au wanne kabla ya kutupwa, matunzo ya namna hiyo ni mali.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na lugha ndiyo iliyonifikisha kwenye programu huria. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu iliyokuwa na menyu za Kiswahili. Nilipoiona nilielewa jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenieleza: programu ikiwa wazi, watu wa mahali popote wanaweza kuifanya yao bila kungoja kampuni ya ng'ambo ione kama kuna faida. Ubuntu nayo, iliyoanzishwa mwaka huohuo na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa ikituma CD zake kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeziomba, mpango uliodumu hadi 2011. Bahasha yangu ilinifikia kwenye sanduku la posta, na tangu hapo sijaiacha Linux. Baadaye nilihamia Debian, na ndiyo niliyonayo hadi leo.

Kompyuta tuliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa ya ex-UK, kama zilivyo nyingi hapa Nairobi: ilitumika ofisini Uingereza, ikafutwa vumbi, ikauzwa mjini. Ilikuwa na prosesa ya Intel ya kizazi cha nne na RAM ya DDR3. Nilisahihishia mitihani juu yake, nikapangia kurasa za miongozo ya fasihi, na binti yangu akaandikia programu zake za kwanza za Python. Ilitufaa sana. Ila binti alipoanza kuhariri video za klabu ya shule, nami nikaanza kufungua vitabu vizima vyenye picha, RAM ilijaa na nafasi za kuongeza zikawa zimekwisha.

Kabla ya kuendelea, namwomba msomaji apime kwanza kama anahitaji ubao mpya. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, hudai sehemu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa matunzo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo mashine nyingi nzuri za kizazi cha nne hadi cha saba zimeanza kuitwa taka. Kwenye Linux si taka. Ukiweka diski ya SSD mahali pa ile ya kuzunguka, na RAM ikafika gigabaiti 8, mashine hiyo itaandika barua, itafungua masomo ya mtandaoni na itapiga simu za video kwa miaka. Mzazi akiniuliza leo, hilo ndilo jibu langu la kwanza. Ubao mpya ni wa mwenye kazi ambayo ule wa zamani umeshindwa kuibeba.

Sisi tulikuwa na kazi hiyo. Nilibeba kasha letu hadi kwa fundi mmoja karibu na Biashara Street, ndani ya mojawapo ya yale majengo ambayo kila ghorofa imegawanywa kwa vioo ikawa vijiduka. Nilitaka kujua kama ningeweza kubadilisha ubao tu na kuyaacha mengine. Alifungua ubavu wa kasha, akashika plagi ya umeme inayoingia kwenye ubao, akanigeuzia niione.

“Mwalimu, hii kasha haitakusaidia. Hesabu pini.”

Ubao wa kawaida hupokea umeme kwa plagi ya pini 24. Kompyuta nyingi za ofisini zina plagi za pekee za kampuni iliyozitengeneza: HP EliteDesk 800 G1 hutumia ya pini 6, na Dell OptiPlex 9020 hutumia ya pini 8. Matundu ya skrubu pia huenda yasilingane, na hata swichi ya kuwashia huwa na waya zake za pekee. Kwa hiyo anayetoka kwenye mashine ya ex-UK atenge pesa za ubao, prosesa, RAM, kasha na pawa saplai kwa pamoja. SSD ndiyo iliyohama nasi, na data zetu zote ndani yake.

Kuhusu prosesa niliamua nyumbani, kwa utulivu, kabla ya kurudi mjini. Nilichagua Ryzen 5 5600G ya AMD, iliyotoka 2021: viini sita, wati 65, na uwezo wa picha uliomo ndani ya prosesa yenyewe. Hiyo herufi G ina uzito. Ryzen 5 5600 isiyo na G haina picha ndani yake, na mtu akiinunua bila kadi ya picha atawasha kompyuta akutane na kioo cheusi. Draiva ya picha za AMD, iitwayo amdgpu, imo ndani ya kerneli, wala huhitaji kutafuta kitu pembeni. Soketi yake ni AM4, iliyokuwa imeshakaa sokoni miaka mingi, na RAM yake ni DDR4, ambayo kila duka la Nairobi lilikuwa nayo. Soketi ya AM5 ilikuwa imetoka 2022, lakini ilitaka DDR5, na bei yake ilikuwa juu ya uwezo wetu.

Ndipo nikafika kwenye ubao. Chipseti za AM4 nilizozikuta madukani ni B450 ya 2018, na B550 na A520 za 2020. Wauzaji wengi walinisukumia B550 kwa sababu ina PCIe 4.0, njia ya kasi zaidi kwa diski na kadi za picha. Hoja yao ni ya kweli kwa prosesa nyingine. Prosesa ya 5600G yenyewe huishia PCIe 3.0, hata uiweke kwenye ubao gani. Kulipia kasi ambayo prosesa haiwezi kuitumia ni kupoteza pesa, kwa hiyo nikaelekeza macho kwenye A520.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na madukani zilizojitembeza zaidi ni taa za rangi. Mimi nilikuwa na daftari. Kwenye ukurasa mmoja niliandika sehemu za ubao ambazo hazitangazwi, na kando ya kila moja nikaandika ninachotaka kuona.

Ya kwanza ilikuwa chipu ya kebo ya mtandao. Realtek RTL8111, ya gigabiti moja, ni ya kawaida mno, na draiva yake r8169 imo kwenye kerneli kwa miaka mingi. Zile za kasi ya gigabiti 2.5 pia hufanya kazi, ila huhitaji kerneli mpya kidogo, na nyumbani kwetu hakuna mtandao wa kasi hiyo.

Ya pili ilikuwa waifai, na hapa ndipo uangalifu mkubwa unapohitajika. Ruta yetu iko sebuleni na kompyuta iko chumbani. Mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe kwa ajili ya kebo. Chipu za Intel AX200 na AX210 zina draiva iitwayo iwlwifi. Ya AX210 imo tangu kerneli 5.10. Lakini Intel ina pia AX201 na AX211, zinazofanana na hizo kwa jina na kwa umbo, nazo hufanya kazi kwenye ubao wenye chipseti ya Intel tu. Mwenye ubao wa AMD akiuziwa AX211, hatapata waifai, hata abadilishe programu mara ngapi.

Ya tatu ilikuwa sauti. Chipu nyingi za sauti za bei nafuu husomwa na draiva moja, snd_hda_intel, na mara chache huleta taabu. Ya nne ilikuwa chipu ya kupima joto na kasi ya feni. Nyingi za Nuvoton husomwa na draiva nct6775. Baadhi ya zile mpya za ITE zimechelewa kupata draiva ndani ya kerneli. Kompyuta itawaka bila draiva hiyo, lakini hutaweza kuona kasi ya feni, na katika chumba chenye vumbi la barabara ya Waiyaki Way ni vizuri ujue feni inapoanza kuchoka.

Nikiwa na daftari hilo nilishuka mjini. Luthuli Avenue ni rahisi kutembea tangu ilipofanyiwa ukarabati 2019: njia za miguu zimepanuliwa na magari huenda upande mmoja. Ni mtaa wa redio, televisheni na spika, na kompyuta zimo pia, ila niliyoyatafuta niliyapata zaidi kwenye eksibisheni, yaani yale majengo ya vijiduka vya vioo, za upande wa Moi Avenue na Biashara Street. Huko vijana huuza sehemu mojamoja, na wengi wao ni mafundi waliojifunza kwa kufungua na kufunga. Nilikuja kugundua kwamba mwenye duka akiona una swali mahususi, naye hukupa muda wake. Ukimuuliza “ipi ni nzuri?” atakuonyesha aliyonayo nyingi. Ukimuuliza “chipu ya waifai ya hii ni gani?” atachukua miwani, atageuza ubao kwenye mwanga, na mtaanza kuzungumza kama watu wa kazi moja.

Mfukoni nilikuwa na flashi yenye Debian 12, ile ya kuwasha kompyuta bila kusakinisha kitu. Toleo hilo lilitoka Juni 2023 na ndilo la kwanza la Debian kuja na zile programu ndogo zinazopakiwa ndani ya chipu za waifai na picha, baada ya wanachama wa Debian kupiga kura 2022 kuliruhusu jambo hilo. Zamani ulilazimika kuzitafuta mwenyewe. Flashi yenyewe ni kitu kidogo, lakini thamani yake dukani ni kubwa: inakuwezesha kujaribu kabla ya kulipa.

Duka nililokubaliana nalo lilikuwa la kijana mmoja mpole. Nilimweleza ninachotaka, naye akakubali kuunganisha ubao juu ya kaunta, nje ya kasha, kwa prosesa na RAM nilizokuwa tayari kununua kwake. Ubao wa kwanza ulikuwa A520 yenye waifai ndani yake. Ukawaka vizuri, picha ikaonekana, meza ya Debian ikafunguka. Nikaandika amri moja: `lspci -nnk`.

Amri hiyo huorodhesha vifaa vilivyounganishwa kwenye ubao kwa njia ya PCI. Chini ya kila kifaa hutokea mstari usemao “Kernel driver in use”, ukifuatwa na jina la draiva iliyokishika. Tulisoma pamoja tukishuka na kidole kwenye kioo. Picha: amdgpu. Sauti: snd_hda_intel. Kebo ya mtandao: r8169. Diski: ahci. Kisha tukafika kwenye waifai. Jina la kifaa lilikuwepo, namba zake zilikuwepo ndani ya mabano, lakini mstari wa draiva haukuwepo. Chini yake kilifuata kifaa kingine.

“Haijashikwa,” fundi akasema. “Na kwa Windows hii inaenda poa kabisa.”

“Nakuamini, fundi. Hebu tuangalie ni mpya kiasi gani.”

Tukatafuta namba zile kwenye simu yake. Draiva ya chipu hiyo ilikuwa imeingia kwenye kerneli 6.2, ilhali Debian 12 ina 6.1. Chipu ilikuwa nzima, na ubao ulikuwa mzima. Vilitofautiana umri tu na mfumo wangu. Ningeweza kuuchukua ubao huo na kuweka kerneli mpya zaidi kutoka hazina ya Debian ya nyongeza, na mtu mwingine angefanya hivyo kwa amani. Mimi nilitaka kompyuta ambayo binti yangu angeweza kuisakinisha upya siku sipo, kwa flashi ya kawaida, bila kumtafuta mtu. Tukaurudisha ubao sandukuni.

Hapo nilipata somo ambalo sasa nalirudia kwa kila anayeniuliza: kwenye Linux, ubao uliokaa sokoni mwaka mmoja au miwili una heri kuliko ule wa mwezi huu. Kila toleo la mfumo lina umri wa kerneli yake. Debian 12 ina 6.1, Ubuntu 22.04 ilianza na 5.15, Ubuntu 24.04 ilianza na 6.8. Ukijua namba ya kerneli yako na namba ambayo draiva ya chipu iliingilia, umejibu nusu ya maswali yote ya ununuzi, na umeyajibu bila kumtegemea muuzaji wala tangazo.

Fundi akatoa A520 nyingine, isiyo na waifai, ya bei ya chini kidogo, na kando yake kadi ya PCIe yenye Intel AX210. Akanionyesha jambo ambalo sikuwa nimeliandika daftarini: kadi hiyo ina waya mwembamba unaopaswa kuchomekwa kwenye pini za USB zilizo ndani ya ubao, la sivyo Bluetooth haitaonekana. Tukaunganisha tena, tukawasha, tukaandika amri ileile. Safari hii mstari wa waifai ulisema iwlwifi. Tulipima sauti kwa vipokea sauti vyake, tukachomeka flashi kwenye kila tundu la USB, kisha nikailaza kompyuta na kuiamsha. Kulala na kuamka ni jaribio ambalo wengi hulisahau. Kuna mbao zinazoamka zenyewe sekunde ileile zilipolazwa, au zinazoamka na kioo cheusi, na si rahisi kulijua hilo kwa kusoma sanduku. Huu wetu ulilala, feni zikanyamaza, ukaamka kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Kabla sijalipa nilimwomba pia atazame BIOS, programu ya ubao inayoiwasha kompyuta. Ubao uliotoka kiwandani 2020 haukuwa na habari za prosesa ya 2021; usipopewa BIOS mpya huenda usiwake kabisa. Huu ulikuwa umewaka, lakini toleo lake lilikuwa la zamani, na matoleo ya baadaye yalirekebisha mambo ya usalama na ya RAM. Watu husema huwezi kubadilisha BIOS bila Windows. Kwa mbao nyingi za leo unaweza: weka faili ya mtengenezaji kwenye flashi ya FAT32, ingia kwenye BIOS yenyewe, uifungue kutoka humo. Kompyuta za Dell, HP na Lenovo hata hupata BIOS zao moja kwa moja ndani ya Linux kwa fwupd, programu iliyoanzishwa na Richard Hughes mwaka 2015. Watengenezaji wa mbao za kujijengea bado ni wachache huko.

Ila jambo moja halina mjadala: stima isipotee katikati ya kazi hiyo. BIOS iliyoandikwa nusu huweza kuua ubao mzima. Nani asiyekumbuka usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, umeme ulipopotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakaa gizani? Fundi alichomeka ubao kwenye UPS yake, yaani betri ya akiba, akangoja hadi taa ya betri ilipoonyesha imejaa, ndipo akaanza. Alisimama mbele ya kioo hicho mikono kifuani hadi mstari ulipofika mwisho, wala hakupokea simu iliyokuwa ikiita. Nilimheshimu sana kwa hilo. Nikanunua UPS ndogo siku hiyohiyo, nikalipa, nikaandikiwa risiti yenye namba ya ubao na muda wa waranti, nikapanda matatu ya 23 kurudi Kangemi na sanduku mapajani.

Nyumbani binti yangu ndiye aliyejenga, mimi nikimshikia tochi. RAM tulikuwa tumenunua vipande viwili vya gigabaiti 8 badala ya kimoja cha 16, kwa sababu picha za ndani ya prosesa hutumia RAM ileile, na vipande viwili hufungua njia mbili za kusomea. Tofauti yake huonekana kwenye video. SSD ya zamani tuliichomeka jinsi ilivyokuwa. Debian ikawaka kwenye ubao mpya kana kwamba haikuhama, kwa sababu draiva za ubao wa zamani na za ubao mpya zote zilikuwa zimo ndani ya kerneli ileile tangu mwanzo. Faili za miaka mingi, barua, mitihani, picha za shule, zote zilikuwa mahali pake.

Kwa atakayefika nyumbani akakuta waifai haijashikwa, asikate tamaa. Achukue simu ya Android, aiunganishe kwa kebo ya USB, awashe kushiriki intaneti kwa USB. Linux huiona simu hiyo kama kebo ya mtandao, bila kuongeza draiva yoyote, na kwa bando la kawaida ataweza kuteremsha kerneli mpya au kile kinachokosekana. Nimewasaidia majirani kwa njia hiyo, na ni njia ya mtu yeyote mwenye simu.

Niliyoyapata katika safari hii yanaweza kuwekwa kwa ufupi. Amua kazi kabla ya kifaa. Hesabu pini za kasha lako. Chagua prosesa, kisha usilipie kwenye ubao uwezo ambao prosesa hiyo haina. Andika chipu za mtandao, waifai, sauti na joto, na namba ya kerneli unayoitumia. Nenda dukani na flashi, omba kuwasha, soma mistari ya draiva mmoja baada ya mwingine, ilaze mashine na uiamshe. Fundi atakayekukubalia hayo ndiye wa kurudi kwake. Kuuliza si ujinga, na mafundi wa mjini niliokutana nao walifurahia maswali kuliko nilivyotarajia, maana nao huchoka kuulizwa bei tu.

Tulipomaliza, binti alisakinisha programu iitwayo hw-probe, ambayo hukusanya orodha ya vifaa vya kompyuta na hali ya kila kimoja, huondoa yanayomtambulisha mwenyewe, kisha huipeleka kwenye hazina ya linux-hardware.org. Humo mtu yeyote anaweza kutafuta jina la ubao na kuona, kutoka kwa mashine za kweli, kama waifai yake hushikwa na kwa kerneli gani. Mimi na fundi tulipokuwa tukitafuta zile namba kwenye simu, jibu letu lilitokana na watu waliokuwa wamejitolea kuandika kabla yetu. Linux yote imejengwa hivyo: draiva iliandikwa na mtu, ikajaribiwa na mwingine, ikaripotiwa na wa tatu. Sisi wa Nairobi tumezoea kupokea vitu ambavyo wengine wamemaliza kuvitumia. Katika jambo hili tunaweza kutoa. Ukinunua ubao ukafanya kazi, peleka orodha yake; na ukikataa kufanya kazi, peleka pia. Mwanafunzi wa Kawangware au Kisumu anayehesabu shilingi zake ataiona orodha hiyo kabla ya kulipa.